Pesa ya Sikukuu ya Mtoto Si Yako, Mama



Leo tunasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu, na tutalisema hivyo hivyo. Ule mtindo wa kuchukua pesa za sikukuu za watoto kwa kisingizio cha "lete nikuwekee" ni dhuluma. Mtoto amezunguka Idi nzima, kwa bibi, kwa shangazi, kwa majirani, kila mmoja amempa mkono wake. Jioni mama anazikusanya. Kesho yake zimenunua gesi na vocha. Akiuliza anajibiwa: "Kwani wewe hapa huli?"

Alichopewa mtoto ni mali yake, na mzazi ni mshika amana. Wapo watakaotuletea hadithi ya mtu na mali yake kuwa ni vya baba yake. Maulamaa wengi wameifafanua kuwa ni kwa mzazi mwenye haja, wala si ruhusa ya kumfilisi mwanawe. Ukibanwa, mkope mtoto wako, andika kwenye daftari lake, na umlipe.

Hasara kubwa si hizo shilingi elfu ishirini. Ni lile somo analobaki nalo mtoto: pesa ikiwekwa haionekani tena, basi bora kuimaliza yote Mnazi Mmoja kabla ya kurudi nyumbani. Kisha sisi sisi tunalalamika kuwa watoto wa siku hizi hawana akiba.

Suratun Nisaa, aya ya 6, inawaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiwaona wana busara wawakabidhi mali zao. Mtihani umetangulia, makabidhiano yakafuata. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wanasema mtoto hujaribiwa kabla ya kubaleghe, apewe kitu kidogo akapatane bei sokoni. Ikiwa yatima anastahili kufunzwa pesa, vipi mwenye mama na baba anyimwe?

Na nyinyi mabiharusi, haya yanawagusa zaidi. Aya ya 4 ya sura hiyo hiyo imekupa mahari iwe mali yako mwenyewe. Lakini msichana ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli ya daladala, leo anakabidhiwa milioni, atazifanya nini? Zitaishia kwenye sare, mapambo na picha. Ikija talaka au eda ya kufiwa, anarudi kwao na sanduku la nguo. Kadhi anaweza kukuhukumia haki yako, ila hawezi kukurudishia mahari uliyoivaa kwa siku moja.

Tunajua majibu yenu. "Riziki ni ya Mungu." Ndiyo, na Nabii Yusuf, alayhi salaam, aliyejua hilo kuliko sisi, aliagiza nafaka ya miaka saba ya neema iwekwe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. "Mtoto atapenda pesa mno." Mfunze sadaka kwa pesa yake mwenyewe, maana kutoa cha mama hakumfunzi ukarimu. "Mabenki ni riba." Hofu hiyo ni ya haki, lakini isiwe kichaka cha kujifichia. PBZ ina huduma za Kiislamu, na Amana Bank imekuwepo tangu 2011. Katika mudaraba benki huifanyia kazi pesa yako, faida mkagawana kwa kiwango mlichokubaliana, bila kuahidiwa nyongeza ya lazima. Uliza, soma masharti, muulize shekhe wako. Malaysia walianzisha mfuko wa akiba ya Hija mwaka 1963, na leo wazazi wanawafungulia hata watoto wachanga.

Tufanye hesabu ya dukani. Mtoto wa miaka 7 akiweka 1,000 kila wiki, na 20,000 kila Idi, kwa mwaka ana 92,000. Akifika miaka 18 ana 1,012,000. Hapo hatujahesabu faida yoyote.

Lakini zisilale kwenye kibubu miaka yote hiyo. Wahenga walisema akiba haiozi. Noti zinaoza, kwa sababu bei hupanda na zenyewe hazikui. Kibubu ni cha kuanzia. Kivunjwe kila miezi sita mbele ya mtoto, ahesabu mwenyewe, atoe sadaka, kisha zilizobaki ziende kwenye akaunti ya halali au zinunue kuku, mbuzi, au gramu ya dhahabu. Kuku akifa, mwache aone hasara angali mdogo. Wazee wetu wa visiwani walipanda mikarafuu wakijua watangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma. Huo ndio uwekezaji, na haukuletwa na wageni wa hotelini.

Wala msiwafunze wavulana pekee. Kaka anatumwa dukani na kuachiwa chenji, dada anafunzwa kupamba kitanda. Kisha mnashangaa binti anaingia kwenye ndoa akiomba hata pesa ya pedi.

Basi Idi ijayo, mtoto akirudi na pesa zake, mpe daftari na kalamu. Aandike mwenyewe, na wewe uweke saini kuwa umepokea amana.

Allah atujaalie watoto wenye kushika amana, na atujaalie sisi tuanze. Amin.