Habari za LK-99

Vijana kadhaa wametuuliza juu ya LK-99. Julai 2023 wataalamu wa Korea Kusini walitangaza kwamba mchanganyiko huo wa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni hupitisha umeme pasipo kizuizi, tena katika joto la kawaida. Walimwengu wakashangilia, wengine wakaupika hata majumbani! Agosti ikadhihirika kuwa uchafu wa shaba na salfa uliomo ndani yake ndio uliowapoteza, na fuwele safi iliyotengenezwa Stuttgart ilizuia umeme kabisa. Suratul Hujurat yatuamrisha kuzichungua habari; nasi twaona maabara hizo zilifanya vema. Lakini risasi isipikwe jikoni: mvuke wake ni sumu, hasa kwa watoto. Mwenye hamu ya majaribio, betri ya tochi, waya na globu ndogo vyamtosha.