Chumba Kisicho Maji Wala Komeo Si cha Kumlaza Biharusi



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wanawake wengi wa visiwani tunalimeza kimya kimya tunapokwenda harusi za bara: loji mbovu. Chumba kisicho na maji, mlango haufungiki, kwa mwanamke wa Kiislamu kinagusa tohara yake na sitara yake. Anayekuuzia chumba hicho kwa bei ya chumba kizima amekudhulumu, hata kama amekupokea kwa tabasamu.

Safari za Dodoma zimekuwa nyingi siku hizi. Tokea treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi huko, Julai 2024, mtu anashuka boti Dar es Salaam asubuhi na magharibi inamkuta Dodoma. Watoto wetu wanafanya kazi wizarani, wanasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaoana na watu wa huko, wakiwemo ndugu zetu Waislamu wa Kondoa. Sisi tunaoshona magauni ya harusi tumejikuta tunaifuata kazi yetu hadi uwanda wa kati.

Mji wenyewe umekua mbio. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini pilikapilika khasa zilianza 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia kweli, na 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Wageni wakamiminika, nyumba za kulala wageni zikachipua kila mtaa. Nyingi ni nzuri na wenyewe ni watu waungwana. Lakini likikaa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vinakuwa vya kugombania, na hata mwenye loji iliyochakaa anajaza. Kwa nini atengeneze kitasa, na ijapokuwa kibovu chumba kinalipiwa?

Juni iliyopita tulimpeleka biharusi wetu huko, wanawake sita pamoja naye. Picha tulizotumiwa kwa simu zilikuwa za kupendeza: rangi mpya, kitanda kimetandikwa, taulo limekunjwa kama bata. Tulipofika, mapokezi yalikuwa yanang'aa vigae. Vyumbani ilikuwa khabari nyengine. Bomba lilikoroma bila kutoa tone. Ndoo moja ya maji, watu watatu. Neti ilikuwa na matundu ya kupita ngumi. Kitasa kilikuwa kimeng'oka, na mlango ukazuiliwa kwa kiti, na ukumbini wanapita wanaume wasiotuhusu. Kioo cha dirisha kimevunjika, pamebandikwa boksi, na usiku wa Juni Dodoma una baridi na upepo wa vumbi. Gauni jeupe la wiki tatu za cherehani tulilifunika kwa kanga zetu.

Asubuhi ya harusi yake biharusi alikoga kwa kata tano za maji, nasi nje tumesimama zamu kulinda mlango. Tulipodai, kijana wa mapokezi alitujibu, "Maji Dodoma shida, mama zangu, nyie vumilieni tu." Fedha haikurudi, shilingi 45,000 kila chumba.

Ni kweli kwamba Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Disemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Hapa Unguja tunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kuliko maji. Hakuna wa kulaumiwa kwa ukame. Lakini wenyeji wanaujua ukame wao, ndiyo maana utaona nyumba ya kawaida tu ina tangi na madumu ya akiba. Wakwe zetu walipopata khabari, usiku ule ule walitupakilia madumu kwenye bajaji wakatuletea, na wao hawafanyi biashara ya kulaza wageni. Kama familia inaweza kuweka akiba ya maji, anayelipwa vyumba kila usiku anashindwa nini kununua tangi? Na ikiwa kweli ameshindwa, basi aseme kabla ya kupokea fedha: "Leo maji ni ya ndoo, na bei nimeshusha." Atakayekubali atakubali kwa ridhaa yake.

Hapo dini yetu imeshasema zamani. Tunajua sote hadithi iliyopokewa katika Sahihi Muslim, ya Mtume swallallahu alayhi wasallam alipopita sokoni akatia mkono kwenye fungu la chakula, vidole vikakuta majimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu watu wakakiona, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake. Zingatieni: mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lake lilikuwa kuficha. Na mapokezi yenye vigae mbele ya vyumba vilivyooza ni fungu lile lile, kavu juu, bichi chini. Wazee walishatuambia, nyumba njema si mlango.

Wapo watakaosema dini ni nyepesi, maji yakikosekana kuna tayamamu. Naam, ipo, na alhamdulillahi kwa rehema hiyo. Lakini rukhsa ile amepewa aliyekosa maji, hakupewa mwenye loji iwe kisingizio cha kuuza bomba kavu.

Na wapo, wengine ni shangazi zetu wenyewe, watakaosema mwanamke wa heshima hagombi ugenini, asubiri, ni usiku mmoja tu. Sisi tunaona subira inatukuzwa pale pasipo la kufanya. Penye haki ya kudai, kunyamaza kunamwachia mwenye loji amfanyie hivyo hivyo biharusi wa wiki ijayo. Sisi wenye cherehani, mteja akirudisha gauni zipu imekufa, hatumwambii avumilie. Tunafumua, tunashona upya, au tunarudisha fedha. Fikihi inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Chumba cha kukodi nacho kinalipiwa kwa manufaa yake: kulala, kuoga, kujisitiri. Manufaa hayapo, malipo ya nini?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kamati za harusi zinazohesabu masanduku, ubani na sahani za biriani, zihesabu na malazi. Kama mna ndugu au mkwe huko, aende akaone chumba kwa macho yake, afungue bomba, azungushe ufunguo, avute pazia, na aulize kibla kiko wapi. Malipo yote yasitangulie. Itangulie amana ndogo, na kilichobaki kilipwe chumba kikishaonekana. Kikiwa kibovu, msemaji mmoja wa msafara aseme kwa sauti ya kawaida na adabu zote: "Hiki sicho tulichokubaliana. Tupatie chengine au turudishie fedha yetu." Hayo si matusi wala ukorofi. Na mkirudi nyumbani, waambieni wenzenu waliokuuliza ukweli wa mlichokiona, bila chumvi na bila kuficha.

Nanyi maharusi watarajiwa, msione haya kuuliza, "Nitaoga wapi, na mlango wake unafungwa kwa ndani?" Mahari yako umeyataja mbele ya mashahidi. Ndoo ya maji na komeo usione tabu kuvitaja.