Maumivu Yasiyoonekana Katika Vipimo

Miongoni mwa maneno yanayosemwa kwa wepesi katika zahanati na shule zetu, ni machache yenye athari kama haya: "Vipimo havikuonyesha kitu." Yenyewe ni maneno ya haki, kwani tabibu ameeleza alichokiona. Lakini yakitoka kinywani mwake na kumfikia mwalimu wa zamu, matroni wa bweni au mzazi, njiani hugeuka yakawa: "Huyu hana kitu." Tangu siku hiyo mwanafunzi anayeumwa tumbo na mgongo mwezi baada ya mwezi huhesabiwa kuwa mvivu, au mwenye kuogopa mtihani wa hisabati. Naona kwamba mageuzi hayo ya maneno ni kosa la kisayansi kabla ya kuwa kosa la malezi, na kwamba walimu wa sayansi ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuyakataa.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kila kipimo huulizwa swali lake na hujibu hilo tu. Choo kikitazamwa kwa hadubini, linaloulizwa ni kama mayai ya minyoo au ya kichocho yamo katika kile kipande kidogo kilichopakwa kwenye kioo. Mayai yakiwa machache, huweza kukosekana siku hiyo na kuonekana wiki ijayo. Eksirei huonyesha mifupa ya mgongo, wala haionyeshi neva. Kuna pia endometriosi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota mahali pengine tumboni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hali hiyo huwapata yapata asilimia 10 ya wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, na huleta maumivu makali ya tumbo na kiuno. Hata hivyo altrasaundi ya kawaida mara nyingi hupita bila kuiona. Ni wasichana wangapi wameambiwa kwamba ni chango tu, kila mwanamke hupitia, wavumilie?

Kinyume chake pia ni kweli, yaani picha huweza kuonyesha kasoro isiyouma. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizowapiga picha watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Basi picha na maumivu si mtu na kivuli chake.

Historia ya vidonda vya tumbo yafaa kusimuliwa darasani kwa sababu hii hii. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba vidonda hivyo huletwa na wasiwasi, tindikali na vyakula vikali, na wagonjwa wakashauriwa kutuliza nafsi na kunywa maziwa. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliotesha katika maabara bakteria waliotoka katika tumbo la binadamu, ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao, akapata uvimbe wa utando wa tumbo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sisemi kwamba nyuma ya kila maumivu yasiyoelezeka amejificha bakteria. Nasema tu kwamba "hayajaelezeka" ni habari inayohusu maarifa ya wakati fulani, na haimhukumu anayeumwa.

Kuna jambo jingine ambalo sayansi imelifahamu vizuri zaidi katika miongo ya karibuni: maumivu huweza kudumu hata pale ambapo hakuna jeraha linaloendelea. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za maumivu hazipiti moja kwa moja hadi kwenye ubongo kama maji katika bomba, bali huongezwa au hupunguzwa njiani, ndani ya ugwe wa neva uliomo katika uti wa mgongo. Mwaka 1983 Clifford Woolf alichapisha majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba, baada ya jeraha, neva za ugwe huo huongeza ukali wa kuhisi. Mfano wake ni mbwa wa lindo ambaye nyumba yake iliwahi kuingiliwa na mwizi: baadaye hubweka hata jani likianguka. Kubweka huko ni kwa kweli, na wenye nyumba hawalali. Tena neva zitokazo katika utumbo, figo na mji wa mimba hukutana katika ugwe huo na neva za misuli na ngozi ya mgongo, hivyo ubongo hushindwa kutambua habari imetoka wapi. Ndiyo maana tumbo na mgongo huuma pamoja. Mwaka 2017 jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa maumivu iliyapa rasmi maumivu ya namna hii, yatokanayo na kubadilika kwa mfumo wenyewe wa kuhisi, fungu lake.

Wasiwasi nao huyaongeza, kwa kuwa utumbo na ubongo vimeunganishwa na neva. Mwanafunzi ambaye tumbo humzidi asubuhi ya mtihani hasemi uongo, hata kama hofu ina sehemu yake.

Hata hivyo neno "hayaelezeki" lisitumiwe kabla ya kutafuta. Kukonda bila sababu, homa isiyokwisha, damu katika choo au mkojo, macho ya manjano, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia mkojo: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali bila kuchelewa. Kifua kikuu huweza kukaa katika pingili za mgongo. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni cha kawaida, na selimundu huleta maumivu ya tumbo na mgongo kwa watoto wetu wengi.

Yakishatafutwa hayo, mgonjwa anahitaji njia ya kuishi. Kulala kitandani wiki nzima, dawa iliyoamriwa sana zamani, hudhoofisha misuli ya mgongo na kuongeza maumivu. Kutembea kidogo kila siku hufaa zaidi. Kosa jingine ni kufanya kazi zote siku ya nafuu, kisha kulala siku tatu. Afadhali kipimo kile kile cha kazi kila siku, kiongezwe polepole. Joto la chupa ya maji ya moto lililofungwa kitambaa, usingizi wa saa zilizo sawa, kupumua taratibu, na mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, vyote hupunguza mzigo japo havifuti maumivu. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani na kumezwa wiki baada ya wiki huumiza utando wa tumbo na figo. Nawaonea huruma wazazi wanaouza mbuzi kulipia kipimo kile kile katika hospitali ya nne.

Shuleni linalohitajika ni dogo. Mwanafunzi huyo aruhusiwe kusimama katikati ya kipindi bila kuomba ruhusa kila mara, aondolewe adhabu ya kupiga magoti na kubeba ndoo, na asirudishwe nyumbani kwa majuma, kwani kukosa masomo humwongezea hofu itakayomrudia tumboni. Mwalimu wa biolojia anaweza kumpa daftari la kuandika kila jioni: maumivu yalianza saa ngapi, yalikuwa wapi, alikula nini, alilala vipi, ni siku ya ngapi ya mwezi wake ikiwa ni msichana. Baada ya miezi miwili alichukue daftari hilo kwa tabibu. Kurasa hizo humpa tabibu mambo ambayo hadubini na eksirei hazikuulizwa, na mara nyingi hapo ndipo uchunguzi wa kweli unapoanza.