Fomu Haiulizi Nani Alikupa Maji

Mtalii akipewa chai na mtu asiyemjua ugenini, anaandika kitabu. Sisi tuliotoka Ituri mwaka 2018, tukavuka Ziwa Albert kwa maboti ya wavuvi mpaka Sebagoro, tunaitwa "kesi". Kwani sisi hatukukutana na watu njiani? Yule mama aliyetupatia maji na muhogo bila kuuliza kabila, yule kijana wa boda aliyekataa pesa, wako kwenye ripoti gani?

Ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu zinauliza nani alitufukuza. Ongezeni swali moja tu: nani aliwapokea? Wema haukuanza siku mliposimamisha hema lenye nembo. Na sisi vijana, tuwaandike watu hao kabla hatujawasahau.