Likizo ya Askari na Familia Yake: Kupiga Kambi kwa Fedha Kidogo

Askari anapopewa likizo baada ya miezi mingi ya zamu, doria au ulinzi wa mpakani, siku zake za kukaa na mkewe na watoto wake huwa chache, na aghalabu hupita upesi kuliko alivyotazamia. Siku ya kwanza huwa ya furaha na zawadi. Siku ya pili huwa ya kulipa madeni ya dukani. Kuanzia siku ya tatu baba huonekana zaidi kilabuni kuliko nyumbani, si kwa sababu hawapendi wanawe, bali kwa sababu hajui la kufanya pamoja nao. Mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anamkimbia na kujificha nyuma ya gauni la mamaye. Likizo ikiisha, fedha zimekwisha, na baba anarudi kazini akiwa bado mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Iko njia ya kuzitumia siku hizo kwa faida, nayo haihitaji mfuko mnono: familia iondoke nyumbani kwa siku mbili au tatu, ikapige kambi mahali penye miti na hewa safi, ipike yenyewe na ilale pamoja. Safari ya namna hiyo, ikipangwa kwa busara, hugharimu kidogo kuliko fedha ambazo wengi huzimaliza kilabuni katika likizo moja, na matunda yake hudumu muda mrefu zaidi.

UJUZI TAYARI UPO

Wapo wanaosema kwamba kupiga kambi ni desturi ya wageni wenye magari makubwa. Maneno hayo si ya kweli. Wafugaji wa Karamoja na wa Ankole, tangu enzi za mababu, walihama na mifugo kufuata maji na malisho, wakajenga vibanda vya muda, wakawasha moto na kulala chini ya nyota. Hakuna aliyewafundisha jambo hilo kutoka ng’ambo.

Tena, miongoni mwa raia wote, askari ndiye aliyefunzwa kazi hiyo barabara. Anajua kuchagua ardhi iliyoinuka ili mvua isimfurikie. Anajua kuchimba mfereji kuzunguka hema, kuwasha moto kwa kuni zenye unyevu, kupima maji ya siku nzima na kuchimba choo mbali na kisima. Ujuzi huo wote anautumia kazini tu, na mkewe na watoto wake hawajauona hata siku moja. Mtoto anapomwona baba yake akisimamisha hema kwa dakika chache huku jua likizama, humfahamu kwa namna ambayo maneno hayawezi kumweleza. Nayo familia ya polisi iliyozoea kuishi katika ile nyumba ya bati ya mviringo, iliyobatizwa jina la “mama ingia pole”, haitaona kwamba hema ni dogo.

FEDHA ITATOKA WAPI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuzungumzia safari, baba na mama wa nyumba yawapasa kukaa pamoja na kuandika matumizi ya mwezi mmoja, pasipo kufichana. Wengi watashangaa kuona kiasi kinachovuja katika mambo madogo: soda, muda wa maongezi ya simu, sigara, nauli za bodaboda kwa safari fupi ambazo mtu mzima angeweza kutembea, na mkaa unaonunuliwa kwa vikopo kila siku badala ya gunia zima mara moja.

Familia ikiweka kando shilingi 10,000 kila juma, baada ya majuma 26 itakuwa na shilingi 260,000. Fedha hizo zigawanywe mapema katika mafungu manne: nauli, ada ya kambi, chakula, na dharura. Fungu la dharura, ambalo lisipungue sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 26,000, halipaswi kuguswa ila kwa ugonjwa au chombo cha usafiri kuharibika.

Askari wengi ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi. Vyama hivyo ni mahali pema pa kuweka akiba. Hata hivyo, si busara kukopa kwa ajili ya safari ya mapumziko. Mkopo wa kujenga nyumba au wa kulipa karo humwachia mtu kitu mkononi. Mkopo wa starehe humwachia makato ya mshahara. Kama akiba haijatosha, safari ifupishwe au ingojee likizo nyingine.

MAHALI PA KWENDA

Kambi ya bei nafuu kuliko zote ni shamba la wazazi kijijini. Hapo hapana ada, maji yapo karibu, na babu na bibi huwaona wajukuu wao. Kwa familia ambayo haijawahi kulala hemani, usiku mmoja katika uwanja wa nyumba ya kijijini ni mtihani mzuri: kilichosahauliwa kitajulikana, na hakuna atakayedhurika.

Baada ya mtihani huo, walio Kampala na vitongoji vyake wanaweza kufikiria msitu wa Mabira, ulioko kando ya barabara ya Jinja, takriban kilomita 55 kutoka mjini. Taksi za kawaida hupita hapo, na abiria hushukia Najjembe. Msitu huo una eneo la kilomita za mraba zipatazo 300 na aina zaidi ya 300 za ndege, pamoja na nyani na vipepeo wengi. Jambo moja la kujihadhari nalo ni kituo cha Namawojjolo njiani, ambapo kuku wa kuchoma na gonja huingizwa hadi dirishani mwa gari. Familia ambayo haikula kabla ya kuondoka huacha hapo fungu zima la chakula.

Walio upande wa mashariki wana maporomoko ya Sipi, wilayani Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ambako watoto wataona pia mashamba ya kahawa. Usiku wa huko ni wa baridi, na kila mtu ahitaji sweta na blanketi. Walio magharibi wana Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, yenye pundamilia, swala na viboko. Huko gari lahitajiwa, kwa hiyo yafaa familia mbili au tatu ziungane na kukodi gari moja ili gharama igawanyike.

Katika hifadhi za taifa, raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada iliyo chini sana kuliko ile ya wageni wa nje. Kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisiachwe nyumbani. Ada za siku hiyo ziulizwe kwa simu kabla ya kufunga safari, kwa kuwa hubadilika.

Wakati nao uchaguliwe. Katika sehemu za kusini na kati, mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Likizo ya shule ya Desemba na Januari ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ardhi huwa kavu na watoto wako nyumbani.

VIFAA VYA NYUMBANI VYATOSHA

Si lazima kununua hema jipya. Baadhi ya kambi hukodisha mahema, na turubai kubwa la plastiki lililofungwa kwa kamba baina ya miti miwili huweza kuwasitiri watu sita katika majira ya kiangazi. Katika masoko ya mitumba kama Owino mjini Kampala hupatikana mablanketi na masweta mazito kwa bei ndogo. Mikeka, sufuria mbili, sigiri, tochi, kisu, panga, ndoo na madumu ya maji ni vitu vilivyomo katika nyumba nyingi. Vyandarua vyenye dawa vinavyotumika nyumbani vitoke kitandani viende kambini.

Hapa pana onyo lisilopaswa kupuuzwa. Hema, blanketi, turubai au chombo chochote kilichotolewa na serikali kwa kazi ni mali ya umma. Kukichukua kwa safari ya familia ni kosa, hata kama kitarudishwa kikiwa kizima. Vivyo hivyo sare na kofia za kazi zisivaliwe na watoto kwa mchezo. Askari ambaye anaokoa gharama ya kukodi hema kisha anapoteza cheo au kazi hajaokoa kitu.

CHAKULA CHA WATU SITA

Kwa baba, mama na watoto wanne, kwa usiku mbili, kiasi hiki chatosha: unga wa posho kilo 4, unga wa uji kilo 1, mchele kilo 1 na nusu, maharage kilo 1 na nusu, mukene nusu kilo, karanga zilizosagwa nusu kilo, sukari kilo 1, mafuta ya kupikia nusu lita, vitunguu, nyanya, chumvi na majani ya chai. Vyote vinunuliwe sokoni kabla ya kuondoka, kwa sababu bei za dukani karibu na mahali pa matembezi huwa juu. Mlo wa mchana wa siku ya kwanza uwe viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, vilivyopikwa nyumbani.

Maharage yaloweshwe maji usiku kucha kabla ya safari, kisha maji hayo yamwagwe. Kambini yachemshwe kwa nguvu kwa robo saa, halafu sufuria ifunikwe vizuri, ifungwe katika blanketi kuukuu na kuwekwa ndani ya kikapu kwa saa kadhaa. Joto lililomo huendelea kuyaivisha. Baadaye yarudishwe motoni mpaka yalainike kabisa. Kwa njia hiyo mkaa mwingi huokolewa, na mpishi hupata nafasi ya kutembea na wenzake.

Jambo la mpishi lahitaji kusemwa wazi. Ikiwa mama wa nyumba atapika, ataosha vyombo na kufua kambini kama afanyavyo kila siku, basi yeye hakupata likizo; amehamishiwa jiko lake porini. Baba ashike sufuria walau mlo mmoja kila siku. Askari amepika kazini mara nyingi, na posho yake haina kasoro kwa sababu tu inaliwa na mkewe. Watoto wakubwa wachote maji na kuosha sahani, wadogo waokote vijiti vikavu, kila mmoja akiwa na zamu iliyoandikwa. Mama apewe saa zake za kukaa kivulini bila kuitwa.

USALAMA KWANZA

Sigiri isiingizwe ndani ya hema kamwe, hata kukiwa na baridi kali au mvua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuiua familia nzima usingizini. Moto wa nje uwashwe pale tu panaporuhusiwa, na uzimwe kwa maji kabla ya kulala.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu kwa dakika moja, na katika sehemu za juu milimani kwa dakika tatu. Watoto wasiogelee katika maji ya kingo za ziwa wala ya mito iliyotulia, kwa maana ndimo wanamoishi konokono waenezao kichocho. Penye viboko, mtu asikaribie maji usiku, wala asitoke hemani bila tochi, kwa sababu wanyama hao hupanda nchi kavu kula majani giza linapoingia.

Hema lisisimamishwe chini ya tawi kavu wala juu ya njia ya siafu. Chandarua kifungwe kabla ya jua kutua. Akitokea mwenye homa baada ya kurudi nyumbani, apelekwe zahanati mapema akapimwe malaria, wala asipewe vidonge kwa kubahatisha.

HESABU YA MWISHO

Familia ikirudi, daftari lifunguliwe tena siku hiyohiyo. Baba na mama walinganishe kilichopangwa na kilichotumika, mbele ya watoto wenye umri wa kuelewa. Mtoto aliyeona shilingi 10,000 za kila juma zikigeuka safari, hema na chakula, amejifunza maana ya akiba kuliko kwa hotuba kumi. Naye akiombwa kuvumilia bila soda mwezi ujao, atajua ni kwa ajili ya nini.

Kazi ya askari humwita wakati wowote, na haijulikani likizo nyingine itakuja lini. Kwa hiyo siku hizo chache zisiachwe zijipangie zenyewe. Mwenye likizo mwezi ujao aanze kwa kuuliza ada na nauli juma hili. Na asiye na likizo karibu aanze na daftari na kopo la akiba, ili siku itakapofika, mkewe na wanawe wawe tayari kuondoka pamoja naye.