TAMKO LA TAWI: TUSINGOJE BONDE LIWE JANGWA



Wiki hizi kundi letu limejaa malalamiko ya ng'ombe kuingia mashambani na vijito kukauka mapema. Baadhi ya maneno yanawanyooshea vidole majirani zetu waliotoka Shinyanga. Sisi viongozi wa tawi tunasema hivi: tujadili ardhi, tusijadili kabila.

Shinyanga haikuumbwa jangwa. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1970 ukawatoa watu kwenye maeneo waliyozoea kuyatunza. Mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Wengi walihama na ng'ombe wao kutafuta majani, na baadhi walifika hapa kwetu.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilicholeta mabadiliko makubwa ni ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe: kaya au kijiji kinafunga kipande cha malisho wakati wa mvua, nyasi na miti inakua, kisha kinafunguliwa kiangazi. Mradi ulipoanza ngitili zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2000 zilikadiriwa kupita hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni, dawa na nyasi za kuezekea vikarudi karibu na nyumba. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Kondoa ilipita njia nyingine. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililoharibika. Uoto ulirudi, ila ng'ombe walihamia kwingine na mzigo ukabebwa na wengine. Hapa kwetu tuliona operesheni ya kuondoa mifugo mwaka 2012. Ng'ombe walitolewa, lakini ugomvi bado tunao.

Funzo ni kwamba amri peke yake huhamisha tatizo. Ardhi hupona pale mwenye kaya anapokubali kufunga kipande chake, na jirani yake akakiheshimu.

Bonde la Kilombero bado lina maji. Tangu mwaka 2002 linatambuliwa kimataifa kama ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar, na maji yake yanaingia Rufiji mpaka Bwawa la Julius Nyerere. Lakini tunalima mpaka ukingoni, tunachoma mkaa, kisha tunashangaa Lumemo ikifurika masika na kunywea kiangazi. Mwenye duka anayekula mtaji huona fedha mkononi kila siku, mpaka siku ya kufunga hesabu. Shinyanga walifunga hesabu hiyo, na kuirudisha ardhi kuliwachukua miaka mingi. Sisi tunaweza kuanza mtaji ukiwa bado upo.

Kwa hiyo tawi linapendekeza:

1. Kila mwanachama mwenye shamba kando ya mto aache mita 60 kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Tuanze sisi, kabla ya kumdai mtu mwingine.

2. Visiki vilivyo hai visichimbuliwe. Wakulima wa Dodoma wanaita njia hii Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapunguza mengine, unafunga kitambaa ili kila mtu ajue mti huo unatunzwa. Haina gharama ya miche.

3. Wanachama wafugaji watufundishe ngitili. Ujuzi huo tunao humu humu ndani ya tawi. Tupeleke pendekezo la maeneo ya malisho kwenye mikutano ya mitaa na vijiji, ili yatungiwe sheria ndogo.

4. Anayeona mifugo shambani atoe taarifa kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Asishike panga.

Tunajua kipengele cha kwanza kitauma. Wapo wenzetu ambao mita hizo 60 ndizo mpunga wa familia. Ndiyo maana hatutoi amri. Tunaitisha kikao Jumamosi hii saa 10 jioni, ofisi ya tawi, tupange nani aanze na kiasi gani, na wenye eneo dogo wasaidiweje. Wakulima na wafugaji, wote mje.

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Ifakara.