Stadi Bila Matini: Malengo ya Kujifunza Lugha na Fasihi katika Shule za Kati za Marekani

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu malengo ya kujifunza lugha umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: mwanafunzi aweze kufanya nini amalizapo darasa fulani? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, liko swali la pili ambalo aghalabu huachwa kando: mwanafunzi huyo awe amesoma nini? Makala haya yanayachunguza maswali hayo kwa kuangalia somo la lugha na fasihi ya Kiingereza katika shule za kati za Marekani, yaani darasa la 6 hadi la 8, ambako wanafunzi wana umri wa miaka 11 hadi 14 hivi. Hoja inayotetewa ni kwamba malengo ya huko yamefaulu kupanga ngazi ya stadi, lakini yamekwepa kutaja matini ambazo stadi hizo zingejengwa juu yake. Upungufu huo si mdogo, kwani stadi ya kusoma haitengani na maarifa ya msomaji.

2.0 Ngazi ya Stadi

Viwango vijulikanavyo kwa jina la Common Core vilitolewa Juni 2010 chini ya usimamizi wa chama cha magavana na baraza la wakuu wa elimu wa majimbo. Zaidi ya majimbo 40 yaliviridhia. Texas na Virginia hayakuviridhia. Baadaye yako yaliyojitoa, la kwanza likiwa Indiana mwaka 2014, lakini athari ya viwango hivyo katika uandishi wa malengo ingali kubwa.

Sifa yao kuu ni mpango wa kupanda. Katika darasa la 6 mwanafunzi hutakiwa kutoa ushahidi kutoka katika matini ili kuthibitisha anachosema kuihusu. Katika darasa la 7 hutakiwa kutoa ushahidi zaidi ya mmoja. Katika darasa la 8 wingi hautoshi tena: hana budi kuchagua ushahidi ulio na nguvu kuliko mwingine. Ndivyo ilivyo katika uandishi wa hoja pia. Anayeanza huitetea hoja yake kwa sababu zilizo wazi. Mwaka unaofuata huzitambua hoja zinazopingana na yake. Na mwaka wa tatu huonyesha ni wapi yake inapotofautiana na hizo. Hapa mwalimu anajua mwanafunzi ametoka wapi na anakwenda wapi. Malengo mengi ya masomo ya lugha, yanayorudia maneno yale yale kila mwaka huku yakibadili namba ya darasa tu, hayana sifa hiyo.

3.0 Pengo la Matini

Ajabu ni kwamba ngazi hiyo imeegemezwa pasipo na ukuta. Kwa madarasa ya 6 hadi 8 hakuna kitabu hata kimoja kilicholazimishwa. Kiambatisho cha viwango hivyo kinataja mifano, ikiwamo riwaya ya Mark Twain kuhusu Tom Sawyer na simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, lakini mifano hiyo ni ya kuonyesha kiwango cha ugumu tu. Kilichotajwa kwa usahihi ni uwiano: kufikia darasa la 8, asilimia 45 ya usomaji wa mwanafunzi katika masomo yote iwe ya matini za kifasihi na asilimia 55 iwe ya matini za taarifa. Kwa hiyo aina za matini zimepimwa kwa asilimia, ilhali matini zenyewe hazikutajwa.

Udhaifu wa mtazamo huo ulikwisha kuonekana kabla ya viwango hivyo kuandikwa. Mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 64 wa ngazi hiyo hiyo ya shule. Wanafunzi hao walisoma maelezo ya sehemu ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo vizuri waliyakumbuka na kuyaeleza maelezo hayo kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kama stadi ya kusoma ingekuwa kitu kinachojitegemea, matokeo yangekuwa kinyume.

Watetezi wa viwango hivyo wana majibu mawili. Kwanza, waandishi wenyewe walitamka kwamba viwango havina budi kukamilishwa na mtaala wenye maudhui ya kutosha. Pili, katika nchi ambayo kila jimbo linalinda mamlaka yake juu ya elimu, orodha ya vitabu ingeuvunja mwafaka mapema. Jibu la pili ni la kweli, lakini ni sababu ya kisiasa wala si ya kielimu. La kwanza linamwachia mwalimu mzigo uliowashinda wenye mamlaka, naye mwalimu hupimwa kwa mitihani ya stadi. Si ajabu basi kwamba mara nyingi yeye huchagua vipande vifupi vya mazoezi badala ya kitabu kizima.

Katika tathmini ya taifa ya mwaka 2024, asilimia 33 ya wanafunzi wa darasa la 8 hawakufikia hata kiwango cha msingi cha kusoma. Haifai kuyabebesha malengo lawama yote, kwani janga la UVIKO-19 na mengineyo yamechangia. Lakini ni dhahiri kuwa ngazi peke yake haikutosha.

4.0 Funzo kwa Wanakiswahili

Aghalabu mtaalamu wa Afrika Mashariki ayaonapo malengo hayo huyalinganisha na somo la Kiingereza la kwao. Ulinganisho huo una kasoro. Kwa wanafunzi wengi wa Marekani, Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Nchini Tanzania na katika mwambao wa Kenya, somo linalolingana na lile ni Kiswahili. Basi ni katika malengo ya Kiswahili ambamo ngazi ya ushahidi na hoja ingefaa kuingizwa, pamoja na kile ambacho Wamarekani walikiacha.

Chukua Utenzi wa Mwana Kupona, unaoaminika kutungwa mnamo mwaka 1858. Lengo la "kubainisha dhamira" halimfikishi mbali mwanafunzi asiyejua kuwa mtunzi ni mama mgonjwa anayemuusia binti yake, wala asiyejua unyumba, dini na adabu za Pate ya wakati ule. Maarifa hayo hayapatikani kwa mazoezi ya kutafuta dhamira. Hupatikana kwa kuusoma utenzi huo wote na nyingine za jadi yake.

5.0 Hitimisho

Lengo la kujifunza lugha lililo kamili litaje mambo matatu: kitendo, kiwango cha kitendo hicho kwa kila darasa, na matini kitakamotendeka. Kazi chache za pamoja kwa kila mwaka zingetosha, nyingine akaachiwa mwalimu azichague. Kuzitaja kutazua ubishi, lakini ubishi juu ya kipi watoto wasome ndiyo kazi halali ya idara za lugha na fasihi. Zikinyamaza, uamuzi huo utafanywa na watunga mitihani.